Vipimo vya vinasaba wakati wa ujauzito: kipi ni sahihi kiasi gani, kipi kina hatari gani, na namna ya kuchagua

Siku hizi mjamzito akiingia kliniki binafsi jijini Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuelezwa habari za kipimo cha damu kinachosoma vinasaba vya mtoto kwa “usahihi wa asilimia 99”. Kipimo hicho kipo, na ni kizuri kweli. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo asilimia 99. Wengi wakiisikia hudhani kwamba kipimo kikisema mtoto ana tatizo, basi katika mara 100 analo mara 99. Sivyo. Kwa mama wa miaka 25, jibu hilohilo linaweza kuwa si la kweli zaidi ya mara moja katika kila mara mbili. Hesabu yake nitaiweka hapo chini taratibu, maana ndipo watu wanapoumia.

Nimepanga hatua kwa kufuata mimba yenyewe, tangu kabla haijatungwa hadi majibu yakiwa mkononi. Daktari wako bado ndiye daktari wako. Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kuingia chumbani kwake ukijua cha kuuliza.

Kwanza, vitenganishe vipimo vya aina mbili

Aina ya kwanza ni vipimo vya kukadiria. Hutumia damu ya mama, picha ya altrasaundi, au vyote viwili, na jibu lake ni uwezekano: mkubwa au mdogo. Havimgusi mtoto na haviharibu mimba. Humu mna kipimo cha pamoja cha miezi mitatu ya kwanza, kipimo cha damu cha viashiria vinne, na NIPT, ambayo ndiyo ile ya vinasaba kwenye damu ya mama.

Aina ya pili ni vipimo vya kuthibitisha. Sindano huingizwa hadi kwenye kondo la nyuma au kwenye maji ya uzazi, seli za mimba zinachukuliwa, na kromosomu, yaani vifurushi vya vinasaba vilivyo ndani ya seli, zinahesabiwa. Jibu lake karibu kila mara ni ndiyo au hapana, lakini sindano ina hatari ndogo ya kuitoa mimba.

Kipimo cha kukadiria hufanya kazi ya chekecheke: kinabakiza wachache wa kuangaliwa kwa karibu. Aliyebaki kwenye chekecheke hajaambiwa kwamba mtoto wake ana tatizo. Ameambiwa aangaliwe zaidi, basi.

Vinachotafuta zaidi ni kromosomu zilizozidi. Binadamu kwa kawaida ana kromosomu 46. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin mjini Paris walitangaza kwamba watu wenye hali ya Down, ile inayoathiri ukuaji wa akili na mwili tangu kuzaliwa, wana 47, kwa sababu kromosomu namba 21 ziko tatu badala ya mbili. Ndiyo maana huitwa pia trisomia 21. Trisomia 18 na trisomia 13 ni nadra zaidi na ni nzito mno. Watoto wengi wenye hali hizo hufariki tumboni au kabla ya kutimiza mwaka.

Hatua ya 1: Pimeni selimundu ninyi wawili, ikiwezekana kabla ya mimba

Nimeanza hapa kwa makusudi. Mengi yaliyoandikwa kuhusu vipimo vya vinasaba vya mimba yanawahusu wanawake wa Ulaya na Marekani, ambako swali kubwa ni hali ya Down. Kwetu, ugonjwa wa kurithi unaogonga milango mingi zaidi ni selimundu, siko seli. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Uganda, utafiti wa sampuli za damu za watoto uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 wamebeba kinasaba chake, na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe, yaani mtoto 1 katika kila 140 hivi. Hali ya Down humpata mtoto 1 kati ya 700 hadi 1,000. Linganisha mwenyewe.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji wa vipimo hawalitaji: NIPT ya kawaida haiangalii selimundu kabisa. Unaweza kulipa fedha nyingi, ukaletewa karatasi inayosema kila kitu ni salama, na mtoto akazaliwa na selimundu.

Kipimo mnachohitaji ni cha aina ya himoglobini, kinachofanywa kwa elektroforesisi. Ni damu kidogo ya mkononi, na gharama yake haikaribii ya NIPT hata kidogo. Jibu huandikwa kwa herufi: AA (hana kinasaba cha selimundu), AS (amekibeba bila kuwa mgonjwa) au SS (ana ugonjwa wenyewe). Kipimo cha haraka kinachoangalia tu kama chembe nyekundu zinajikunja hakitoshi. Kinaonyesha kwamba himoglobini S ipo, lakini hakitofautishi mwenye AS na mwenye SS, wala hakioni thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, ambayo ni muhimu kwa familia zenye asili ya Oman na Bara Hindi. Saudia imeyafanya magonjwa haya mawili kuwa kipimo cha lazima kwa wachumba tangu 2004. Uingereza, wajawazito hupewa nafasi ya kuchunguzwa selimundu na thalasemia, na hushauriwa wapime kabla ya wiki ya 10.

Kama mmoja wenu ni AA, suala la mtoto kuwa SS limeisha. Kama wote ni AS, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4 kumpata mtoto mwenye SS. Kila mimba huanza hesabu upya: kuwa na watoto watatu wazima hakumfanyi wa nne awe “zamu yake”, wala kuwa na mmoja mgonjwa hakuwakingi wanaofuata. Wenye AS wawili ndio wenye sababu ya kufikiria kipimo cha sindano, na maabara itahitaji damu ya wazazi wote wawili ili ilinganishe. Anayepimwa awe ndiye baba mzazi wa mtoto. Kama kuna la kusema hapo, mtaalamu akiambiwa faraghani atalitunza.

Mwanamume akikataa kupima, mama apime peke yake. Akiwa AA, mjadala umekwisha bila ugomvi.

Hatua ya 2: Hakikisha umri wa mimba

Vipimo vingi vya kukadiria hupoteza maana tarehe zikikosewa. Wiki huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, lakini wanawake wengi hawaikumbuki, au mzunguko wao hubadilika. Altrasaundi ya mapema, hasa kati ya wiki ya 8 na ya 13, ndiyo inayokadiria umri vizuri zaidi. Ikifanywa karibu na wiki ya 12 utapata pia habari nyingine mbili zinazobadilisha kila kitu: kama ni mapacha, na kama ulianza na mapacha mmoja akaishia njiani.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza angalau altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kama una uwezo wa mbili, ya kwanza iwe karibu na wiki ya 12, ya pili kati ya wiki ya 18 na ya 22.

Hatua ya 3: Zungumzeni mtafanya nini na jibu

Hili lifanyike kabla damu haijachukuliwa. Jibu likishafika, kichwa hakitulii.

Wapo wanaotaka kujua ili wajiandae. Takriban nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na tatizo la moyo, na mengi ya matatizo hayo hurekebishika. Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huwafanyia watoto upasuaji wa moyo. Kujua mapema kunamwezesha mama kujifungulia karibu na wataalamu badala ya kuanza kutafuta usafiri mtoto akiwa tayari anageuka rangi ya bluu. Wapo wasiotaka kujua chochote kabla ya kuzaa, nao wana haki. Hakuna kipimo hata kimoja kati ya hivi ambacho ni lazima. Na wapo ambao jibu lingewafanya wafikirie kuisitisha mimba. Kwao ni muhimu kujua sheria za mahali walipo. Tanzania, sheria inaruhusu pale tu maisha ya mama yanapohitaji kuokolewa. Kenya, ibara ya 26(4) ya Katiba ya 2010 inataja matibabu ya dharura, na maisha au afya ya mama kuwa hatarini. Hali ya mtoto haikutajwa humo. Nchi nyingi za Ulaya zina sheria tofauti kabisa na hizi.

Nashauri kila mmoja aandike pembeni, kwenye karatasi yake, jibu la swali hili: “Wakiniambia uwezekano ni mkubwa, nitakubali sindano?” Kama jawabu la wote wawili ni hapana kwa vyovyote vile, jiulizeni tena kama kipimo cha kukadiria kitawasaidia au kitawaachia miezi sita ya hofu isiyo na pa kwenda.

Hatua ya 4: Chagua kipimo cha kukadiria

Umri peke yake si kipimo, ingawa kliniki nyingi bado huutumia hivyo. Ni kweli uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye hali ya Down hupanda na miaka: takriban 1 kwa 1,250 mama akiwa na miaka 25, 1 kwa 350 akiwa na 35, 1 kwa 100 akiwa na 40. Lakini kwa kuwa wanaozaa zaidi ni vijana, watoto wengi wenye hali hiyo huzaliwa na mama walio chini ya miaka 35.

Kipimo cha pamoja hufanyika kati ya wiki 11 na wiki 13 na siku 6. Siku inayofuata dirisha limefungwa. Mtaalamu wa altrasaundi hupima unene wa majimaji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, njia iliyoenezwa na Kypros Nicolaides na wenzake mjini London kuanzia mwaka 1992, kisha vipimo viwili vya damu na umri wa mama vinaingizwa kwenye hesabu. Kinabaini mimba 85 hadi 90 katika kila 100 zenye trisomia 21, na humwita kwa hofu ya bure mama 1 katika kila 20. Tuweke kwa watu halisi: wajawazito 10,000 wa umri mchanganyiko, mimba 20 hivi zikiwa na trisomia 21. Kipimo kitazikamata 17 au 18, kitaziacha 2 au 3, na kitawaita mama wengine karibu 500 ambao watoto wao hawana kitu. Kwa hiyo kati ya 30 walioitwa, mmoja ndiye mwenye mtoto aliye na hali hiyo. Uzuri wake ni kwamba ile altrasaundi huona mambo ambayo damu haiwezi kuyaona kamwe. Ubaya ni kwamba shingo ya mtoto hupimwa kwa sehemu za milimita, na mkono usiozoea hukosea. Uliza aliyepima amefundishwa kazi hiyo mahususi au la.

Kipimo cha viashiria vinne ni cha aliyechelewa, kuanzia wiki ya 15 hadi ya 20 hivi. Kinabaini takriban 80 katika 100, hofu ya bure ikiwa ileile ya 1 kwa 20. Kimojawapo cha viashiria vyake, kiitwacho AFP, husaidia pia kushuku mgongo wazi.

Halafu NIPT. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya vinasaba vya mimba huelea katika damu ya mama, na kufikia 2011 kipimo kilikuwa sokoni. Kinafanyika kuanzia wiki ya 10. Kwa trisomia 21 kinabaini zaidi ya 99 katika 100, na hofu ya bure hushuka hadi chini ya mama 1 katika 1,000. Kwa trisomia 18 kiko karibu hapo. Kwa trisomia 13 na kwa kromosomu za jinsia hakitegemeki kiasi hicho.

Usipochukua kingine chochote kuhusu NIPT, chukua hili: vipande hivyo vya vinasaba hutoka kwenye kondo la nyuma. Havitoki mwilini mwa mtoto. Mara nyingi kondo na mtoto vina kromosomu sawa, lakini si kila mara. Kondo linaweza kuwa na seli zenye trisomia ilhali mtoto hana hata moja. Pacha aliyekufa mapema anaweza kuendelea kuacha vinasaba vyake kwenye damu. Mama mwenyewe anaweza kuwa na tofauti ya kromosomu asiyoijua, na mara chache sana kipimo kimegundua saratani ya mama. Ndiyo maana NIPT, kwa ubora wake wote, imebaki upande wa kukadiria.

Upande wa utaratibu: damu huwekwa kwenye mrija maalumu wenye dawa inayozuia chembe nyeupe za mama zisipasuke, kwa kuwa zikipasuka zinamwaga vinasaba vya mama na kuvizamisha vile vya mimba. Kwetu sampuli mara nyingi husafirishwa kwenda maabara za nje. Kabla ya kulipa uliza: damu itakwenda wapi, ni mrija upi, itaondoka lini, majibu huchukua siku ngapi, na kikishindikana kusomeka narudishiwa fedha au napimwa tena bila malipo? Mwambie mchukua damu kama umeongezewa damu karibuni, umewahi kupandikizwa kiungo, au unachoma sindano za kuzuia damu kuganda.

Kuhusu nyongeza zinazouzwa juu ya NIPT, hasa zile za kutafuta vipande vidogo vya kromosomu vilivyopungua, ushauri wangu ni kuziacha kama hakuna sababu ya kitabibu. Hali hizo ni nadra mno, na kadiri hali ilivyo nadra ndivyo majibu ya “ndiyo” yanavyozidi kuwa ya uongo. Aprili 2022 FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba, ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu jambo hili hasa, ikieleza kwamba ina taarifa za wagonjwa waliofanya maamuzi makubwa kwa kutegemea majibu ya kukadiria peke yake, wakiwemo waliositisha mimba. Hilo linanihuzunisha, kwa sababu kosa halikuwa la kipimo. Hakuna aliyewaambia kwamba hatua moja ilikuwa imebaki.

Ukitaka kujua jinsia tu, usilipe NIPT kwa sababu hiyo. Altrasaundi ya wiki ya 20 itakuambia. Na kama sampuli inapimwa India, sheria yao ya 1994 inakataza kabisa kutaja jinsia ya mtoto aliye tumboni.

Wasomaji mlioko Ulaya, mna njia nafuu. England, NIPT iliingia kwenye huduma ya umma Juni 2021, hutolewa kwa mama ambaye kipimo cha kwanza kimempa uwezekano wa 1 kwa 150 au zaidi. Uholanzi ni bure kwa kila mjamzito tangu Aprili 2023. Ulizeni mkunga wenu kabla ya kwenda kulipa pembeni.

Hatua ya 5: Soma jibu polepole

Karatasi ya NIPT ina mistari michache. Tafuta kwanza asilimia ya vinasaba vya mimba kwenye damu yako. Kwa kawaida huwa karibu 10, na maabara nyingi hutaka isiwe chini ya 4. Kama haikuandikwa, iulizie, kwa sababu jibu la “salama” lililotoka kwenye vinasaba kiduchu halina uzito. Halafu kuna mstari kwa kila trisomia, ukisema hatari ni ndogo au kubwa.

Ikiandikwa kubwa, fanya hesabu hii. Chukua wanawake 10,000 wa miaka 25. Mimba 8 zina trisomia 21, na kipimo kitazikamata karibu zote 8. Wanabaki 9,992 ambao watoto wao hawana. Kipimo kikikosea kwa mmoja tu katika kila 1,000, wanawake 10 kati yao watapewa “ndiyo” isiyo ya kweli. Jumla ya walioambiwa ndiyo ni 18, wa kweli ni 8. Asilimia 44.

Sasa chukua 10,000 wa miaka 40. Mimba 100 zina trisomia 21, kipimo kinakamata 99. Waliobaki 9,900 wanatoa tena “ndiyo” 10 zisizo za kweli. Walioambiwa ndiyo ni 109, wa kweli 99. Asilimia 91.

Kipimo ni kilekile, maabara ileile, karatasi ileile, lakini maana ya jibu imebadilika kwa sababu mama amebadilika. Hivyo swali la kumuuliza daktari si “kipimo hiki ni sahihi kiasi gani?” Muulize: “Kwa umri wangu, kati ya wanawake 100 wanaopewa jibu kama langu, wangapi huwa kweli?” Kwa trisomia 13 namba hiyo huwa ndogo zaidi, maana hali yenyewe ni adimu. Kama altrasaundi nayo imeonyesha kasoro, basi namba hupanda sana.

Upande wa pili ni wa kutuliza roho. Mama wa miaka 25 akiambiwa hatari ni ndogo, uwezekano wa trisomia 21 kuwa imefichika ni pungufu ya 1 kwa 10,000. Lakini hatari ndogo haina maana ya mtoto asiye na tatizo lolote. NIPT haioni mgongo wazi, haioni kichwa maji, haioni mdomo sungura, haioni tundu kwenye moyo, haioni selimundu. Altrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22 inabaki palepale hata karatasi iwe nzuri vipi. Na mgongo wazi unapunguzwa kwa foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, ikianzwa kabla ya kushika mimba.

Mara chache jibu halitoki kabisa. Uzito mkubwa wa mama na damu kuchukuliwa mapema mno ni sababu za kawaida. Lakini kushindikana huko nako ni habari, kwa kuwa trisomia 18 na 13 zinaweza kufanya vinasaba vya mimba vipungue kwenye damu. Usikubali kuambiwa tu “rudi mwezi ujao”. Omba altrasaundi ya kina, na mzungumzie uwezekano wa sindano.

Hatua ya 6: Kama ni sindano, ijue hatari yake halisi

Kuna njia mbili. Kuchukua sampuli ya kondo la nyuma, inayoitwa CVS, hufanywa kwa kawaida kati ya wiki ya 11 na ya 14. Haifanywi kabla ya wiki ya 10, kwani ilihusishwa na watoto kuzaliwa na viungo visivyokamilika. Ubora wake ni kujua mapema. Udhaifu wake ni uleule wa NIPT: ni kondo linalopimwa, na katika mimba 1 hadi 2 kwa kila 100 hukutwa seli mchanganyiko, hapo ukalazimika kurudi kupima maji.

Kupima maji ya uzazi, yaani amniosentesi, hufanywa kuanzia wiki ya 15. Kabla ya hapo mimba zaidi hutoka, na watoto zaidi huzaliwa na nyayo zilizopinda. Ukiwa na muda wa kusubiri, na ukiwa umetokea kwenye NIPT iliyosema ndiyo, mimi ningeelekea huku, kwa sababu seli zilizo kwenye maji ni za mtoto mwenyewe.

Siku yenyewe iko hivi. Unalala chali, tumbo linapakwa dawa ya baridi ya kuua vijidudu, kifaa cha altrasaundi kinawekwa. Daktari anatafuta mfuko wa maji ulio mbali na mtoto, kisha sindano nyembamba ndefu inaingia huku ncha yake ikionekana kwenye skrini kama nukta nyeupe. Wengi husikia mgandamizo kuliko maumivu. Yanavutwa maji mililita 15 hadi 20, rangi yake njano hafifu, na kwa kawaida ni dakika chache tu. Baada ya hapo unaonyeshwa mapigo ya moyo wa mtoto. Wasipokuonyesha, omba.

Hatari ya mimba kutoka ndiyo inayotisha, na namba inayozunguka, 1 kwa 100, ina historia. Ilitoka kwenye utafiti wa Denmark wa mwaka 1986 uliohusisha wanawake 4,606. Tangu hapo altrasaundi na mikono ya madaktari vimeboreka. Chuo cha madaktari wa uzazi cha Uingereza, katika mwongozo wake wa 2021, kinasema nyongeza ya hatari ni chini ya asilimia 0.5, na wenzao wa Marekani wanasema kati ya 0.1 na 0.3, kwa CVS na kwa amniosentesi. Yaani ni pungufu ya 1 kwa 200, na huenda ikawa 1 kwa 1,000. Kwa mapacha hupanda.

Namba hizo ni za vituo vinavyofanya kazi hii kila wiki. Muulize daktari bila woga: “Unafanya ngapi kwa mwaka, na mimba ngapi zimetoka?” Daktari mzoefu hatachukia. Kama atakwepa, tafuta mwingine, hata kama ni safari ya mji mwingine.

Kabla ya sindano hakikisha mambo mawili yameandikwa kwenye kadi yako. Kundi la damu: kama wewe ni Rhesus hasi, unahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako usiishambulie damu ya mtoto, ndani ya saa 72. Na hali ya VVU na homa ya ini B: anayetumia dawa na virusi vyake havionekani, hatari ya kumwambukiza mtoto kwa njia hii ni ndogo sana, virusi vikiwa vingi, kipimo husubiri vishuke ikiwezekana.

Pumzika siku hiyo na inayofuata, usibebe ndoo. Kuumwa kidogo kama hedhi ni kawaida. Maji yakikutoka ukeni, damu, homa au kutetemeka, au maumivu yanayozidi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Matatizo mengi hujitokeza ndani ya siku 3 za mwanzo, machache hadi wiki 2.

Jibu la haraka la trisomia 21, 18 na 13 hutoka kwa siku 3 hivi pale maabara ilipo karibu. Hesabu kamili ya kromosomu huchukua wiki 2 hadi 3, kwani seli lazima zioteshwe. Usahihi ni zaidi ya 99 katika 100. Hapa ndipo neno “ndiyo” linapoanza kuaminika.

Hatua ya 7: Baada ya majibu

Weka nakala za karatasi zote kwenye bahasha moja na kadi ya kliniki, na moja abaki nayo mtu utakayekwenda naye kujifungua. Mkunga wa zamu ya usiku hatakuwa na muda wa kupiga simu maabara.

Kama imethibitika ni trisomia 21, omba altrasaundi ya moyo wa mtoto kati ya wiki ya 18 na ya 24, na uandikiwe rufaa ya kujifungulia hospitali yenye wodi ya watoto wachanga. Tafuta wazazi waliotangulia kulea watoto kama hao. Daktari wa watoto mara nyingi anawajua. Wanajua mambo ya kunyonyesha, kukaa, kutembea na shule ambayo hayamo kwenye karatasi yoyote.

Kama ninyi wawili ni AS na hamkutaka sindano, usiondoke wodini bila kuulizia kipimo cha selimundu cha mtoto. Ni tone la damu la kisigino. Akiwa SS, penisilini ya kinga huanza akiwa na miezi 2 hadi 3, pamoja na chanjo zake zote na kinga ya malaria. Kuhusu hidroksiurea, dawa ya kumeza ya selimundu, utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo na Angola na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ni salama kwa watoto wetu na hupunguza maumivu, malaria na vifo. Mwulize daktari wa kliniki ya selimundu ianze lini, na siku yoyote mtoto akishikwa na homa, mpeleke hospitali usiku huohuo bila kungoja kukuche.